Hati-hati na hati: kujenga kwa wakwe, kununua kiwanja au kukodi kijiji cha pwani Lombok

Ukishuka kijijini kwa wakwe zangu, kona ya mwisho kabla bahari haijaonekana, kuna kibao cha barabarani kimeandikwa HATI-HATI. Kwa Kiindonesia maana yake chunga, kona kali hiyo. Mi mtu wa Tanga, kila nikipita pale naisoma kwa lugha yangu, na baada ya miaka mitano huku naona zote mbili zinasema kitu kimoja, maana ukitaka kuishi kijiji cha pwani Indonesia cha kwanza kuchunga ni hati.

Naandika kwa ajili ya wenzetu mliokutana na Mindonesia kazini Muscat, Doha au Jeddah, mkaoana, sasa mkataba wa kazi unaisha na mwenzio anakwambia turudi kwetu. Na kisiwa cha Lombok hasa, sababu Lombok Mashariki ni kati ya wilaya zinazotoa wafanyakazi wengi sana wa nje kwa Indonesia nzima, kwa hiyo uwezekano wa mkeo au mumeo kuwa Msasak, yaani kabila la wenyeji wa Lombok, wa kijiji kama hiki ni mkubwa. Mke wangu ndo hivyo hivyo.

Kijiji chetu kiko kusini mwa kisiwa, jina naliacha maana watu wenyewe hawajaniruhusu. Ni wavuvi, wakulima wa mwani, vibanda viwili vitatu vya chakula, msikiti katikati. Kama umekulia Jambiani au Pangani hutajiona mgeni sana, minazi ile ile, mwani umeanikwa kwenye chanja, mitumbwi yao ina mirengu pande mbili kama ngalawa zetu (na sio bahati tu, watu wa visiwa hivi ndio waliovuka mpaka Madagaska zamani, na mirengu ikaja na bahari hii hii). Hata maneno, kabar, waktu, kursi, dunia, unasikia unaelewa kabla hujafundishwa. Ndo maana watu wanakuja wanajisikia nyumbani haraka, alafu wanatoa hela haraka, na hapo ndo shida inapoanzia.

Njia ziko tatu kwa watu kama sisi. Ya kwanza kujenga kwenye ardhi ya wakwe, ya pili kununua kiwanja chenye hati kwa jina la mwenza wako Mindonesia, ya tatu kukodi, iwe mwaka mmoja mmoja au miaka mingi kwa mpigo. Nazipima kwa vitu vitano: sheria inasemaje, hela inatoka lini na kiasi gani, maisha ya kila siku yanakuwaje, bahari yenyewe, na mbele huko, yaani kuuza, kurithi, kuachana, kufa. Sheria nitakaa sana maana hapo ndo watu wanaumia.

Sheria

Anza na hili moja. Kwetu Tanzania mgeni hamiliki ardhi, Kenya katiba ya 2010 inampa mgeni miaka 99 basi, na Indonesia nao wana lao, sheria ya ardhi namba 5 ya 1960. Umiliki kamili usio na mwisho, wao wanauita Hak Milik, ni wa raia wa Indonesia tu. Uwe umeoa, umeolewa, una watoto wanne, jina lako haliingii pale.

Na kuna mtego ambao wengi hawaujui. Sheria yao ya ndoa ya 1974 inasema mali mnayopata ndani ya ndoa ni ya wote wawili. Sasa mke wako akinunua kiwanja wakati mmeoana bila mkataba wa mali, nusu inahesabika yako wewe mgeni, na mgeni akiipata Hak Milik kwa njia hiyo anatakiwa aiachie ndani ya mwaka mmoja. Yaani mwenza wako raia kabisa anaminywa kwa sababu yako. Kwa muda mrefu ilibidi mkataba uandikwe kabla ya ndoa, na nani katika sisi alikuwa anajua hayo siku ya nikaha? Mpaka mama mmoja aliyeolewa na mgeni na kukwama kununua apatimenti akaipeleka kesi Mahakama ya Katiba, na Oktoba 2016 mahakama ikaamua mkataba wa mali unaweza kuandikwa hata mkiwa tayari kwenye ndoa. Unaandikwa kwa notari, yaani mthibitishaji wa mikataba, unasajiliwa, kwa Waislamu ofisi ya KUA wanakofungisha ndoa. Ambao mmeshaoana na hamna huo mkataba, hii ndo kazi ya kwanza, kabla ya tofali hata moja.

Kwa wakwe: hapa sheria inakusaidia kwa namna moja nzuri. Ardhi ambayo mwenza wako amepewa na baba yake kwa hiba, au amerithi, inabaki ya kwake peke yake, haichanganyiki na ndoa. Shida yake ni kwamba mara nyingi "amepewa" maana yake mzee amenyoosha kidole toka mnazi ule mpaka kwenye jiwe lile. Karatasi hakuna, au zipo za zamani, pipil, girik, au kale kakaratasi ka kodi ya ardhi ka kila mwaka wanakaita SPPT. Karatasi ya kodi inaonyesha nani analipa kodi, haisemi ardhi ni ya nani. Na hizo karatasi za kimila serikali ilizipa miaka mitano kupitia kanuni ya 2021, toka Februari 2026 hazihesabiki tena kama ushahidi wa umiliki, zimebaki za kuelekeza tu wakati wa kusajili. Kwa hiyo kama mzee hajasajili, asajili sasa. Kuna mpango wa serikali unaitwa PTSL, toka 2017 wanapita kijiji kwa kijiji wanapima na kutoa hati kwa gharama ndogo, ulizia ofisi ya desa, yaani ya kijiji, kama kwenu umeshapita. Alafu hiba yenyewe iandikwe mbele ya PPAT, huyo ndo ofisa anayeruhusiwa kuandika mikataba ya ardhi, na ndugu wote wa mke wasaini. Wote, hata yule wa Malaysia ambaye hajarudi miaka saba.

Kununua: mkishakuwa na mkataba wa mali, mwenza wako ananunua kama raia mwingine yeyote. Unataka kuona hati ya Hak Milik, wao wanaiita SHM, inakaguliwa ofisi ya ardhi ya wilaya, BPN, kuona kama haina deni benki wala kesi, alafu mauziano yanasainiwa kwa PPAT. Usilipe kwa kwitansi. Kwitansi ni risiti ya kununua kwenye duka la vifaa hivi, watu wanabandika stempu wanasaini na kijiji kizima kinaona biashara imekwisha, na shemeji yangu mmoja alinunua hivyo, miaka mitatu baadae akaja binamu wa muuzaji na hati yenye jina lake. Hajapata hela mpaka leo.

Na kuna ushauri utaupata kwa madalali, kwamba hata kama hujaoa huku, tafuta Mindonesia umwamini, muandike jina lake wewe utoe hela, kuna mikataba ya pembeni ya kukulinda. Usifanye. Sheria ya 1960 inabatilisha moja kwa moja mpango wa kupeleka ardhi ya Hak Milik kwa mgeni kwa mlango wa nyuma, na ardhi inaweza kuangukia kwa serikali. Hiyo mikataba ya pembeni ndo inakuwa ushahidi wa kosa lenyewe.

Ipo pia Hak Pakai, haki ya kutumia, hiyo mgeni mwenye kibali cha kuishi anaweza kuwa nayo kwa jina lake, miaka 30, inaongezwa 20, alafu 30 tena. Ila wameweka bei ya chini ya nyumba kwa kila mkoa ambayo kwa nyumba ya kijijini kwa wavuvi haifikiki, kwa hiyo siiweki kama njia ya nne.

Kukodi: hii ndo pekee ambayo wewe mwenyewe unasaini kwa jina lako bila kuzunguka. Ila mkataba wa miaka 20 au 25 uandikwe kwa notari, na ukaguzi ule ule wa hati ufanyike, kwa sababu aliyekukodisha asipokuwa mwenye mali, jina lako kwenye karatasi halikusaidii kitu.

Hela

Ardhi huku inahesabiwa kwa are, are moja ni mita za mraba 100. Mtu akikwambia bei muulize ni bei ya are au ya kiwanja kizima, nimeona watu wazima wakichanganya.

Kwa wakwe hulipi ardhi, unalipa nyumba, na hata nyumba majirani wanakuja siku ya kumwaga zege, wao wanaita gotong royong, sisi tungesema msaragambo. Ila tusidanganyane, kuna hela nyingine haionekani kwenye hesabu. Ukishakuwa mkwe mwenye nyumba ya tofali wewe ni mtu wa kutegemewa, kuna begawe, sherehe za harusi na tohara na hitima ambapo kila mtu anabeba mchele na sukari, kuna ada ya shule ya mtoto wa shemeji, kuna injini ya boti imekufa. Mi silalamiki, nilipolazwa ni hao hao walionibeba. Lakini iweke kwenye bajeti.

Kununua, hela inatoka kwa mkupuo. Juu ya bei kuna kodi ya mnunuzi, BPHTB, inafika asilimia 5 baada ya kutoa kiwango kisichotozwa, muuzaji anakatwa 2.5, na PPAT hatakiwi kuzidisha asilimia 1. Muuzaji wa kijijini mara nyingi atakwambia yeye anataka hela "safi", maana yake kodi zote juu yako, mjadiliane kabla. Na bei za kusini zilibadilika sana toka serikali ilipoanza kujenga Mandalika, ule mradi wa utalii wenye uwanja wa mbio za pikipiki uliofunguliwa 2021. Kuanzia hapo hata kijiji cha mbali kikiwa na mchanga mweupe dalali anakwambia barabara inakuja. Barabara inaweza ikaja kweli. Mi nasema nunua kama wewe utaishi pale hata barabara isipokuja, kama hesabu yako inasimama kwa kuja kumuuzia mtalii baadae, hiyo ni biashara na ina hatari zake, usimuingize mke na watoto ndani yake.

Kukodi nyumba ya kawaida kijijini au mji mdogo wa karibu unalipa mwaka mzima mbele, kama wenye nyumba wa Dar walivyozoea. Ardhi ya miaka 25 pia wengi wanataka yote siku ya kwanza. Faida ya mwaka mmoja mmoja ni kwamba ukikosea umepoteza mwaka mmoja tu.

Maisha ya kila siku

Hapa tofauti kati ya njia tatu ni ndogo kuliko unavyofikiri, bahari ni ile ile, soko lile lile. Umeme upo, unanunua tokeni ya tarakimu 20 unabonyeza kwenye mita kama LUKU kabisa. Gesi mtungi wa kijani wa kilo 3. Usafiri pikipiki. Mtandao wa simu unatosha kwa kazi za kompyuta siku nyingi, na huku tuko masaa matano mbele ya nyumbani, kwa hiyo kama una wateja Nairobi au Dar asubuhi yao ni mchana wako, mi naifurahia hiyo.

Maji ndo kitu cha kuuliza. Kaskazini Lombok wana maji ya mlima Rinjani, kusini ni kukavu, kiangazi visima vinashuka na karibu na bahari vinaleta chumvi, watu wananunua maji ya lori. Kwa wakwe mnachangia tenki na kisima, ukinunua kiwanja kipya unachimba mwenyewe na unaweza ukachimba ukakuta chumvi, ukikodi unauliza majirani kabla hujasaini.

Zahanati, wao wanaita puskesmas, ipo jirani na inahudumia vizuri mambo madogo, hospitali kubwa ziko mjini, Praya au Mataram. Kipato cha kijiji kinafuata upepo, kati ya Desemba na Februari pepo za magharibi zinakuwa kali, boti zinavutwa juu, hela inakauka kijiji kizima na ukiwa na duka utakopwa mpaka mwezi wa tatu. Mwani nao unapanda unashuka kama wetu wa Zanzibar. Kwa sisi wenye ndoa sheria ya uhamiaji ya 2011 inaruhusu kufanya kazi au biashara ya kulisha familia, na baada ya miaka miwili ya ndoa unaweza kuomba kibali cha kudumu, KITAP, cha miaka mitano, alafu kinaongezwa.

Tofauti ya kweli ni watu. Kwa wakwe hakuna mlango, mama mkwe anaingia jikoni saa kumi na moja alfajiri, watoto wa ukoo wanalala kwako. Kwa aliyelelewa kwenye nyumba ya ukoo Tanga au Lamu hiyo ni baraka, mtoto wako anakuwa na mama kumi. Kwa aliyezoea kukaa peke yake Muscat miaka minane inaweza kuwa mzigo mzito, na ni vigumu kuusema bila kumuumiza mtu. Ukinunua upande mwingine wa kijiji una pumzi kidogo. Ukikodi una pumzi nyingi lakini unabaki mgeni, watakuheshimu, watakualika, ila kwenye kikao cha kijiji hukai mbele.

Bahari

Kiwanja kinachogusa mchanga ndo kila mtu anakitaka na ndo mi nakiogopa. Kwanza kuna ukanda wa mita 100 kutoka maji yanapofika juu kabisa, huo unatakiwa ubaki wazi, kanuni ya Rais ya 2016 inasema hivyo, utaona watu wamejenga ndani yake lakini wao kubomolewa hawajaambiwa lini. Pili, kusini mwa kisiwa hiki kuna bonde la baharini linalotikisika. Agosti 1977 tetemeko la Sumba lilileta mawimbi mpaka Sumbawa na Lombok, wazee bado wanasimulia. Agosti 2018 tetemeko la kaskazini liliua watu zaidi ya 500 hapa Lombok, wengi waliangukiwa na kuta za tofali zisizo na nondo. Na Desemba 2004, lile la Aceh, maji yake si yalifika mpaka kwetu Dar. Kisiwa cha Simeulue karibu kabisa na pale waliokoka karibu wote, kwa sababu babu zao walibaki na neno smong toka tsunami ya 1907: ardhi ikitikisika sana na bahari ikirudi nyuma, kimbia mlimani usiulize.

Kwa hiyo kwa wakwe, angalia ardhi ya ukoo iko wapi, mara nyingi wana kipande juu kilimani ambacho hakuna anayekitaka, kiombe hicho. Ukinunua, nunua juu, na toa hela ya nondo na mkanda wa zege juu ya kuta zote hata kama fundi anakwambia huku hatufanyi hivyo. Ukikodi nyumba iliyokwisha jengwa huwezi kujua ndani ya kuta kuna nini, faida yako ni kwamba unaweza kuhama.

Mbele huko

Nyumba ya kwa wakwe haiuzwi, hata kama ina hati. Nani atanunua katikati ya ukoo, na nani atamruhusu? Mkiachana unaondoka na begi. Naisema wazi kwa sababu sijaona mtu akiisema. Na kama mwenza wako ni mwanamke, jua kuwa kwa mila za Kisasak ardhi kwa kawaida ilikuwa inaenda kwa watoto wa kiume, kwa hiyo hiba iliyoandikwa mzee akiwa hai ina uzito kuliko ahadi ya urithi.

Iliyonunuliwa inauzika, taratibu lakini inauzika. Ila mwenza wako akifa kabla yako, wewe mgeni ukirithi una mwaka mmoja wa kuihamishia kwa raia. Watoto ndo jibu, na hapa kuna jambo la kukaa mkalijadili mapema: toka sheria ya uraia ya 2006 mtoto wa ndoa mchanganyiko anaweza kushika uraia wa pande mbili mpaka miaka 18, baada ya hapo anapewa mpaka 21 achague. Akichagua Tanzania, na sisi pia hatuna uraia pacha, basi ile ardhi ya Hak Milik ya bibi yake hawezi kuishika. Akichagua Indonesia, kiwanja chako cha Pongwe nacho kina maswali.

Kukodi hakuna cha kurithi zaidi ya miaka iliyobaki kwenye mkataba, kama mkataba umesema hivyo. Hakikisha umesema.

Kwa hali yako

Mwenza wako yuko karibu na wazazi wake, wazee wanahitaji mtu wa kuwatunza, na wewe nyumba ya ukoo haikusumbui: jenga kwa wakwe, lakini hati ya mzee kwanza, hiba pili, msingi tatu. Sisi tulifanya hivi baada ya kukodi miaka miwili, nyumba iko kama mita 400 kutoka majini, kwenye mwinuko, na ilichukua miezi 14 kwa sababu ya saini moja tu ya shemeji aliye Malaysia.

Mna akiba ya Ghuba, mmeshaandika mkataba wa mali, mnataka kitu cha watoto na mnaweza kukaa miaka kumi bila kuuza: kununua kunawafaa, na mi ningeangalia hata nusu saa kutoka pwani, karibu na Praya, shule na hospitali ziko pale na baharini mnaenda Jumapili.

Ndoa bado changa, au moyo mmoja uko huku na mwingine uko Tanga, au wazee wa nyumbani kwetu wanaumwa na unaweza kuitwa wakati wowote: kodi. Haina aibu, hata kama mama mkwe atauliza kwa nini mnalipa nyumba ya watu na yake ipo, mpelekee mchele mkakae naye kila Ijumaa.

Hujaoana na Mindonesia, umepapenda tu: kukodi ndo njia yako kwa kijiji kama hiki.

Na kama hamjui kabisa mko wapi kati ya hizi, kodi mwaka mmoja na uwe mwaka kamili. Ingieni Novemba mvua ikianza, muone Januari boti zikiwa juu na hakuna hela, mkae mpaka Septemba na Oktoba muone lori la maji linakuja mara ngapi kwa wiki na kisima cha nani bado kitamu.